PrEP: kidonge nyota tano, chupa nyota moja

Mwaka wa tatu sasa nameza PrEP, kidonge cha kuzuia usiambukizwe HIV. Niko Mtwapa, kazi yangu ni ya usiku, anayeijua anaijua. Kidonge sina neno nacho. Chupa ndiyo iliyonitia hasara.

Ni ya plastiki nyeupe, vidonge 30 ndani, ukiitazama utaapa ni ARV, dawa za mwenye virusi tayari. Ukitembea inalia kama kayamba. Mwezi wa kwanza nilikuwa kwenye tuktuk na mteja, tukapita matuta, mkoba ukaimba. "Dada, kwani wewe mgonjwa?" Namweleza ni dawa ya kuzuia nisiambukizwe, yeye keshamwambia dereva asimame. Akashuka na pesa yangu ya usiku ule. Nilitaka kuvihamishia kwenye kikopo kingine, sista akanikataza: unyevu wa huku Pwani utaviharibu. Basi nimeshindilia pamba juu na karatasi ya jina nimeibandua.

Wiki mbili za mwanzo nilipata kichefuchefu, nikawa nameza baada ya kula jioni, kikaisha. Ila usimeze leo ukadhani umekingika leo. Mimi niliambiwa nihesabu siku 7 kwanza, halafu kila siku bila kuruka. Ule mtindo wa kumeza kabla na baada ya tendo ni wa wanaume, shoga, usidanganyike. Kaswende na kisonono hakizuii, mimba ndiyo kabisa, kwa hivyo kondomu bado natembea nazo. Lakini kondomu mpaka mteja akubali, na wapo wanaoongeza pesa ili wasivae. Kidonge nakimeza kwangu, hakuna wa kunibishia.

Kuchukua ndiko kumekuwa kazi. Zamani kilikuwepo kituo chetu kina dada, anayekupokea ni mwenzako wa kazini. Mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada, tukakuta kufuli. Sasa napanga foleni hospitali ya serikali asubuhi, na mimi nimelala saa kumi na moja alfajiri. Dirishani wanataja dawa yako kwa sauti, ukumbi mzima unageuka.

Macho yangu yako kwenye sindano ya lenacapavir, nayo ni ya kuzuia HIV, moja kwa miezi 6. Matokeo ya 2024 kutoka Afrika Kusini na Uganda: wanawake zaidi ya 2,000 waliochomwa, hata mmoja hakuambukizwa. Nikichomwa nitarudi kuwaambia inauma kiasi gani.