Risasi 36 kwa rivolva: uzoefu wangu

Kiungo cha kidole gumba changu cha kushoto kinauma, na ndicho kilichonifikisha kwenye rivolva, bastola ya silinda inayozunguka. Nina leseni ya bastola ya milimita 9 kwa miaka mingi sasa. Ninauza vifaa vya ujenzi Kampala, nafunga duka usiku, na njia ya kurudi nyumbani ina sehemu zisizo na taa. Tangu mwaka jana, kuikoki bastola ile kumekuwa mateso: mkono wa kushoto hauwezi kuishika vizuri slaidi, kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma. Siku moja ilibidi mwalimu wangu wa shabaha anisaidie kuitoa risasi kwenye chemba, tundu inamokaa kabla ya kupigwa. Niliumia moyoni, kwa sababu silaha usiyoweza kuihakiki mwenyewe kama ni tupu, hustahili kukaa nayo nyumbani.

Mwalimu huyo ni afande mstaafu wa polisi, naye ndiye aliyesema, "Mama, jaribu ya silinda." Rivolva haina slaidi. Unafungua silinda, unaona matundu sita, umejua ina kitu au haina. Muuzaji mmoja mwenye kibali alikuwa ameleta rivolva mpya, Ruger GP100, kwenye uwanja wa shabaha, tukakubaliana niijaribu asubuhi, yeye akiwa pale pale.

Mimi ni mzaliwa wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili cha amri nimekisikia tangu utotoni. Hata hivyo nilikaa nusu saa nzima mezani nikifundishwa kabla ya kugusa risasi hata moja, na naishukuru nusu saa ile. Jambo la kwanza: kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mwembamba, na gesi ya moto hutoka hapo kwa pembeni. Ukizoea kunyoosha vidole gumba mbele kama wanavyofanya wenye bastola ya magazini kama yangu, utaungua. Jambo la pili: ukivuta triga na risasi isilie, usivute tena. Elekeza mtutu kwenye tuta la udongo linalozuia risasi, hesabu sekunde 30. Ukivuta tena silinda inazunguka, na risasi iliyochelewa kuwaka inaweza kulipuka ikiwa haikukaa sawa na mtutu.

Yenyewe ni nzito, zaidi kidogo ya kilo moja, ya chuma kisichoshika kutu, mtutu wake wa inchi 4.2. Uzito ule niliupenda. Mpini wa mpira ulijaa kiganjani vizuri, na mkono wangu si mkubwa. Imetengenezwa kwa risasi za .357 Magnum, lakini inakubali pia .38 Special, ambazo ni za unene ule ule ila ganda lake ni fupi kwa milimita 3 na kitu. Kinyume chake hakiwezekani: .357 ilirefushwa makusudi isiingie kwenye bastola za zamani zisizoweza kuihimili.

Tulianza na .38, shabaha ikiwa mita 7. Teke lake ni dogo kuliko nilivyotarajia, kwa sababu uzito wa chuma unalimeza. Ila triga! Kwa rivolva, kidole kimoja kinafanya kazi yote: kinainua nyundo, kinazungusha silinda, kisha kinaiachia nyundo. Mvuto ni mrefu na mzito, na ukifika katikati mkono wote unaanza kutetemeka. Risasi zangu sita za kwanza zilikwenda chini kushoto, zimetawanyika kama mahindi yaliyomwagika.

Unaweza pia kuikoki nyundo kwa kidole gumba cha kulia, na hapo triga inakuwa nyepesi kabisa. Nilipiga silinda moja hivyo kutoka mita 15, na kiganja changu kilifunika matundu yote sita kwenye shabaha. Nilifurahi mno. Afande hakufurahi. "Usiku barabarani hutakuwa na nafasi ya kuikoki. Turudi kwenye kazi."

Baada ya silinda mbili nyingine akaniambia nigeuke nitazame upande wa pili. Akajaza yeye, risasi tatu nzima na maganda matatu yaliyokwisha kupigwa, yamechanganywa, na akanieleza kwamba safari hii ile kanuni ya sekunde 30 ataisimamia yeye. "Sasa piga, mama." Ya kwanza ikalia. Ya pili, ta! Kimya. Na mbele ya macho yangu mdomo wa mtutu ukashuka kama upana wa vidole viwili. Hakuna risasi iliyotoka, hakuna teke lililopigwa. Ni mimi niliyeusukuma chini, nikiusubiri mlio ambao haukuja. Miaka yote hii nimekuwa nikilaumu macho, miwani, hata vilengeo. Bastola yangu ya magazini ilikuwa inanificha kosa hilo, maana mlio na teke vinakuja pamoja nalo. Tulirudia mara ya pili, na kufikia ganda la mwisho mtutu ulibaki umetulia. Asubuhi ile haikunipa kitu chenye thamani kuliko hicho.

.357 nilipiga silinda moja tu. Kwanza zilikuwa ngumu kuingia, kwa sababu zile .38 fupi zimeacha pete ya masizi ndani ya matundu. Ilibidi kupiga brashi. Kisha mlio: nilikuwa nimevaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, bado niliusikia kifuani. Sizihitaji.

Kuhusu gumba langu, jibu ni nusu kwa nusu. Kufungua silinda, kusukuma maganda yatoke kwa kiganja, kuhakiki ni tupu: hakuna maumivu hata kidogo, na kwangu hilo ni kubwa. Kujaza risasi moja moja kwa mkono wa kushoto, gumba lilianza kulalamika kwenye silinda ya nne. Na kidole cha triga kilikuwa kimechoka kabisa kufikia mwisho. Mwenye maumivu ya vidole vya mkono anaotumia kupigia, asidhani rivolva ni tiba yake.

Sijalipa. Leseni yangu ni ya bastola ile yenye namba yake, na kuhamia nyingine ni kuanza upya na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha polisi. Sitaanza safari hiyo kwa sababu ya asubuhi moja. Nimemwomba muuzaji airudishe uwanjani mwezi ujao, nije na .38 peke yake, na Afande ameniahidi kwamba maganda matupu yatakuwa mengi kuliko risasi.