The Diplomat: Hal ana asili yake, Kate kidogo

Anayetaka tamthilia ya mabalozi na yuko Tanga na bando la kuhesabu, The Diplomat ya Netflix inalipa. Ila kuna mahali inapiga chuku.

Kate Wyler (Keri Russell) anajiandaa kwenda Kabul. Meli ya kivita ya Uingereza inalipuliwa Ghuba ya Uajemi, na ghafla anageuziwa London awe balozi wa Marekani. Chuku iko hapo. Kiti cha London kwa desturi hupewa rafiki au mfadhili wa rais, si mtumishi wa wizara ya mambo ya nje. Aliyevunja mazoea hayo ni Raymond Seitz, mwaka 1991. Pacha wa Kate kwenye historia ukimtaka, anza na huyo. Halafu Mkataba wa Vienna wa 1961, unaohusu mabalozi, unataka nchi mwenyeji iridhie jina kwanza, jambo lisilokwisha kwa simu mbili. Wabishi wa kahawa Ngamiani watasema kwetu ubalozi ulishawahi kumwangukia kijana: Salim Ahmed Salim alipelekwa Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Kweli, lakini nchi ilikuwa changa na wasomi wachache. Marekani haina shida hiyo.

Hal, mumewe (Rufus Sewell), ndiye utamu wenyewe. Ni Richard Holbrooke mtupu, yule mwanadiplomasia wa Marekani: majivuno, mazungumzo ya pembeni, wakubwa hawampendi na wakikwama wanamtafuta. Novemba 1995 Holbrooke aliwaweka marais wa Serbia, Croatia na Bosnia kwenye kambi ya jeshi la anga pale Dayton, Ohio, kwa wiki tatu, mpaka wakakubaliana kumaliza vita vya Bosnia. Kila Hal anapozungumza na upande wa pili bila kumwambia mkewe, mkumbuke.

Msimu wa kwanza (2023) una vipindi 8. Picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Kwenye simu, ukichagua kuokoa data, GB 1 hufika kama saa 6, na hupotezi kitu kwani mengi ni watu kubishana vyumbani. Pakua mapema kwa Wi-Fi, umeme ukikatika unaendelea. Washa maandishi ya Kiingereza: wanaongea mbio, na jina moja likikupita kipindi kizima kinakuvuruga. Msimu wa pili, vipindi 6, unaanzia palepale wa kwanza ulipokatikia, kwa hiyo usiurukie.