Search Console: uzoefu wangu wa miaka mitatu na blogu ya ushonaji

Wenzangu wenye blogu, naandika kuhusu hii Search Console ya Google, chombo kinachomwonyesha mwenye saiti jinsi saiti yake inavyoonekana kwenye utafutaji wa Google, kwa sababu naulizwa sana nimefanyaje mpaka blogu yangu ya ushonaji ikaanza kupata watu, na jibu langu ni lile lile, niliacha kukisia nikaanza kusoma watu wanatafuta nini. Ni ya bure kabisa, zamani iliitwa Webmaster Tools, jina likabadilishwa 2015, na mimi naitumia mwaka wa tatu huu.

Mwanzo nilikuwa najituma sana. Makala mbili kila wiki, naandika usiku nikishamaliza kazi za watu, picha napiga mwenyewe. Miezi mitatu nzima nikiangalia takwimu wageni ni wale wale niliowarushia linki WhatsApp, ndugu na marafiki basi. Nikaona labda sijui kuandika, nilibaki kidogo niache. Ndo rafiki yangu mmoja akaniuliza saiti umeshaiunganisha Search Console, nikamwambia hata sijawahi kuisikia.

Kuunganisha si kazi kubwa, unathibitisha tu kwamba saiti ni yako, kama una domeni yako unaweka rekodi ya TXT (kamstari ka maandishi unakopewa na Google) kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni kule uliponunulia, au unaweza kubandika kamstari ka msimbo kwenye saiti yenyewe. Mi nilichagua ya DNS kwa sababu inabeba domeni nzima, yenye www na isiyo na www. Halafu nikaingiza anwani ya blogu kwenye kile kisanduku cha juu cha kukagua anwani, nikaijaribu pale pale, na jibu la miezi yangu mitatu likatoka: ukurasa umezuiwa na noindex, alama inayoiambia Google isiuingize ukurasa kwenye matokeo yake. Kumbe wakati najenga blogu kwenye WordPress, programu ninayoendeshea blogu, niliweka tiki ya kuzuia injini za utafutaji, iko kwenye mipangilio ya kusoma, niliiweka ili watu wasiikute saiti haijaisha kisha nikasahau kuitoa. Iliniuma jamani. Nikaitoa, nikatuma ramani ya saiti, yaani orodha ya kurasa zake (WordPress kuanzia toleo la 5.5 la 2020 inaitengeneza yenyewe, we unaandika wp-sitemap.xml tu), nikaomba kurasa za muhimu zipitiwe, baada ya siku kadhaa zikaanza kuingia kwenye Google moja moja. Kwa hiyo kama Google haikuletei hata mtu mmoja, kagua hapo kwanza kabla hujaulaumu uandishi wako.

Ila utamu wenyewe uko kwenye ripoti ya utendaji. Pale unaona maneno yale yale mtu aliyoandika akitafuta, umeonekana mara ngapi, umeklikiwa mara ngapi na wastani wa nafasi yako kwenye matokeo. Makala yangu niliyoipenda kuliko zote niliipa kichwa "Siku mashine iliponinunia", nikiamini kinavutia, basi ripoti ikaonyesha imeonekana mara elfu na kitu na kliki hazifiki kumi, na maneno yaliyoileta ni "cherehani inakata uzi", "cherehani inaruka mshono". Mtu ana nguo ya mteja mkononi, uzi unakatika, hana muda wa kufumbua kichwa changu. Nikabadilisha kikawa "Cherehani inakata uzi: angalia sindano kwanza, kisha mkazo wa uzi", na jibu nikalipandisha juu kabisa, kwamba badilisha sindano kama imepinda au imekuwa butu, hakikisha umeiingiza upande sahihi, ndo uguse mkazo. Ile hadithi ya mashine kuninunia nikaishusha chini. Kliki zilianza kuja ndani ya mwezi huo na mpaka leo ndo makala inayoongoza.

Kitu kingine nilichojifunza humo ni tahajia. Wengine wanaandika cherahani, wengine charahani. Sikujaza tahajia zote kwenye makala, inachosha msomaji, lakini niliacha kudhani kila mtu anaandika kama mimi, na kwenye vichwa natumia maneno ya fundi anavyoongea, sio ya kitabuni.

Siku hizi nachuja maneno ambayo niko nafasi ya nane mpaka ya ishirini na naonekana mara nyingi. Hayo ndo ya kuyafanyia kazi, unarudi kwenye makala ya zamani unaongeza kile kilichokosekana, picha ya karibu, hatua uliyoiruka. Nimepata wasomaji wengi zaidi kwa kurekebisha makala za zamani kuliko kwa kuandika mpya kila siku, na hapa nabishana sana na wanaosema lazima uchapishe kila siku. Nilikuwa na makala tatu fupi fupi za sindano, ripoti ya kurasa ikasema Google imezipitia ila haijaziingiza kwenye matokeo, nikaziunganisha ikawa moja ndefu iliyoshiba, anwani za zamani nikazielekeza huko kwa 301 (maelekezo kwamba ukurasa umehama moja kwa moja), ikaingia.

Mipaka yake pia muijue. Haikuonyeshi waliokuja kwa WhatsApp wala kwa barua pepe, na haikuambii mtu alifanya nini alivyoshafika, hiyo utahitaji chombo kingine. Data kamili inachelewa siku mbili tatu hivi, jedwali linaishia mistari 1,000, maneno yanayotafutwa na watu wachache sana yanafichwa kwa ajili ya faragha, na kumbukumbu inarudi nyuma miezi 16 tu, kwa hiyo mi napakua kila mwisho wa mwezi nahifadhi mwenyewe. Halafu usiifungue kila saa, utapanda presha bure, linganisha mwezi na mwezi.

Kwangu inapata nyota nne na nusu kwa tano. Hiyo nusu naikata kwa sababu anayeanza atakutana na maneno mengi ya kiufundi bila wa kumshika mkono.

Jumapili nimeifungua nikakuta "uzi wa bobini unajikunja chini ya kitambaa" inaonekana sana na sina hata aya moja inayoijibu, tayari nimeshatoa mashine na kamera, wiki hii naandika hiyo.