Taita kwa macho ya mtu wa Mombasa: vikapu, baridi na shawa isiyo na maji ya moto

Watu wa Mombasa twaijua Taita kwa dirisha la basi. Twapita Voi twaenda Nairobi, tunanunua maji na njugu, basi, safari inaendelea. Ile milima inayoonekana upande wa pili hakuna anayeuliza kuna nini huko juu. Mimi nilienda na dadangu ambaye anauza vitu vya mkono mtandaoni na alikuwa anataka kujua vile vikapu vya mkonge vinavyouzwa Mji wa Kale kwa bei za kutisha vinatoka wapi hasa.

Tulichukua treni ya asubuhi pale Miritini, ile inayosimama vituo vya njiani, mkichukua ya moja kwa moja mtajikuta Nairobi shauri yenu. Kutoka Voi ni matatu mpaka Mwatate halafu inaanza kupanda kwenda Wundanyi, mji wa huko juu milimani. Mwatate kuna shamba la mkonge mistari kwa mistari mpaka macho yachoke, halafu ghafla kona, kona tena, kushoto bonde, masikio yanaziba, na lile joto la Voi limeshakwisha. Kama una tumbo jepesi usile kitu kabla. Barabara ni ya lami lakini dereva wetu alikuwa anaendesha kama anafukuzwa na deni.

Sasa vikapu. Tulipelekwa kwa kina mama wanaosuka pamoja, wamekaa chini ya mti, kila mmoja na kazi yake mapajani huku stori zaendelea. Hawaangalii hata mikono. Mama mmoja alituonyesha kuanzia jani, analikwangua kwa kisu mpaka ile nyama ya kijani yote itoke zibaki nyuzi nyeupe, na ule utomvu wake ukikugusa unawasha vibaya, dadangu alijikuna mpaka jioni. Nyuzi zikikauka anazisokota kwa kiganja juu ya paja, mbili mbili, moja inapita juu ya nyengine, na hiyo kamba nyembamba ndiyo inayotiwa rangi halafu inaanza kusukwa kutoka kitako kwenda juu. Alisema kikapu kikubwa kinamchukua kama wiki mbili kwa sababu kuna shamba na kuna watoto. Wallahi baada ya hapo nilishindwa hata kuanza kupatana bei.

Na bei yenyewe ilikuwa kama nusu ya ile ya mjini. Wanunuzi wa kati wanakuja, wanachukua vingi kwa bei ya kutupa, wanapeleka mjini kutiwa mikono ya ngozi, ndio vinakuwa vya watalii. Ukienda mwenyewe nunua vile visivyo na ngozi, na usikurupukie rangi kali. Chukua kitambaa chenye maji kidogo upanguse kwa nje, ikitoka rangi kiache. Kisimamishe kikiwa kitupu, kizuri hakilali. Halafu kiinue juani uangalie ndani, ukiona mwanga mwingi ujue amesuka kwa haraka. Hii nilifundishwa na yule mama mwenyewe, na alivitupa kando viwili vyake.

Mandhari, mashallah. Tulipanda mlima Vuria, zaidi ya mita 2,200, na juu tuliona ukungu tu hahaha, lakini njia yenyewe inatosha. Msitu wa Ngangao ndio ulionikosha. Milima hii ndiyo mwisho wa kaskazini wa Tao la Mashariki, ile safu inayoingia mpaka Tanzania, na kuna ndege kama Taita apalis na Taita thrush ambao huwapati kwengine duniani. Mwongozaji wetu alisikia mmoja, akasimama, akatunyamazisha, mimi nikaona majani yakitikisika. Upande wa Mbololo kuna ua la Saintpaulia la aina inayomea huko tu, ndugu wa yale ya vyunguni, ila hatukufika.

Mapango ya mafuvu ya wazee wa zamani pia yapo. Hayo si ya kupiga selfi. Uliza wenyeji kwanza, nenda na mtu wa hapo, usiguse kitu.

Chakula ni kimanga, muhogo au ndizi zilizopondwa na maharagwe, kinashiba sana, mimi mtu wa nazi nilikitafutia mchuzi. Na sukuma na kabichi zao ni tamu kweli, kumbe baadhi ya zile za soko letu la Kongowea zatoka huku Werugha. Mwenyeji wetu alitutania kwamba tunakula mboga zao na tunakunywa maji yao, maana chemchemi ya Mzima iko kaunti hii na bomba lake laja mpaka Mombasa. Nikamwambia mama, njoo kwetu Kisauni, Mombasa, uone kama mfereji unatoa maji.

Malalamiko yangu ni pale tulipolala. Tangazo lilisema maji ya moto saa ishirini na nne. Tulipata ndoo moja, tena baada ya kugombana, na Wundanyi usiku si mchezo kwa mtu aliyezoea feni. Blanketi lilikuwa moja jembamba. Kabla hujalipa omba ufungue shawa mwenyewe, usikubali "itakuja jioni".

Beba sweta na viatu vya kushika tope, na usiende kwa siku moja, utamaliza muda wote garini. Mwenye watoto wadogo wanaotaka bahari na bembea watachoka. Kurudi kuna matatu za moja kwa moja mpaka Mombasa, wahi asubuhi, mchana mtakaa stendi mpaka ijae na vikapu vyako utalipishwa kiti chake.