Programu za Kufanyia Kazi Nyumbani Tabora: Ipi Uchukue, Ipi Uache

Nafanya tafsiri na hesabu za wateja wa Dar es Salaam na Nairobi nikiwa Isevya, chumba cha nyuma, chini ya mwembe. Msimu wa maembe, embe likidondoka juu ya bati katikati ya mkutano, wenzangu huuliza kama nimevamiwa. Hilo halina programu. Matatizo mengine yanayo, na nimeshajaribu nyingi kuliko mfuko wangu unavyopenda.

Nimezipanga kwa swali moja tu: umeme ukikatika saa nne asubuhi na bando limebaki MB 200, nitaendelea na kazi?

Ya kwanza ni LibreOffice. Ni ya bure, na si bure ya kuonjeshwa mwezi mmoja kisha ukaanza kudaiwa. Ilizaliwa mwaka 2010 ilipojitenga na OpenOffice, na ndani yake kuna ya kuandikia, ya majedwali na ya kuandalia mawasilisho. Faili la kuisakinisha ni MB mia tatu na ushee, kwa hiyo lipakue kwa bando la usiku. Ukishamaliza, haikuombi tena intaneti. Ina pia kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Hakikisha umeichagua wakati wa kusakinisha, la sivyo kila neno lako litapigiwa mstari mwekundu kama daftari la mtoro.

Kabla hujaanza kazi, badilisha mambo mawili kwenye mipangilio. Yenyewe huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika kumi. Iweke iwe mbili, hasa kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na betri. Pili, iambie ihifadhi faili kwa muundo wa Word, maana mteja akipokea faili la ODT, muundo wa LibreOffice yenyewe, atakupigia simu kukuuliza umemtumia kitu gani. Udhaifu wake uko hapohapo: hati ya Word yenye majedwali mengi na nembo huweza kufika imeyumba. Kazi iliyokwisha mimi huituma kwa PDF, na programu yenyewe ndiyo inayoitengeneza.

Ya pili ni Google Docs, ya kuandikia mtandaoni, pamoja na Drive, ghala lake la mafaili. Kwa kazi ya watu wawili au watatu kwenye hati moja, sijaona ya kuishinda, na akaunti ya bure ina nafasi ya GB 15. Ila nafasi hiyo inagawana na barua pepe na picha za simu, kwa hiyo video za harusi ya binamu zinaweza kuzuia ankara ya mteja isipande. Imeshika namba mbili kwa sababu kufanya kazi bila mtandao ni jambo la kuwasha mwenyewe, kwenye Chrome au Edge, na unaliwasha wakati mtandao bado upo. Wengi hulikumbuka mtandao ukishaondoka.

Nasema kwa uchungu. Nilikuwa natafsiri mkataba wa kurasa kumi na nane kwenye programu moja ya mtandaoni, jina lake nalimeza. Umeme ukaenda, na muda mfupi baadaye mtandao wa simu ukaufuata. Jioni niliporudi nilikuta kurasa saba. Zile kumi na moja nilizitafsiri upya usiku kucha, na mteja hakulipa hata senti ya ziada, wala sikuwa na uso wa kumdai.

Ya tatu ni Todoist, ya kupangia shughuli. Toleo la bure lina miradi mitano, inayomtosha mtu mmoja, na kwenye simu utaandika hata bando likiwa limekwisha. Mtandao ukirudi, inajipanga yenyewe. Trello ni nzuri kwa timu. Kama uko peke yako, ni kuhamisha vikaratasi kutoka kushoto kwenda kulia na kujiona umefanya kazi.

Kwa mikutano, chukua Google Meet kabla ya Zoom. Bila kulipa, Zoom hukata mkutano dakika ya 40, Meet ya watu watatu na kuendelea hufika dakika 60, na ya wawili haina haraka. Lakini zote hula bando: video ya saa moja inaweza kumeza nusu GB hadi zaidi ya GB moja. Salimia kwa video, kisha zima kamera. Mteja akikubali simu ya sauti ya WhatsApp, shukuru.

Za kupima muda ziko nyingi. Toggl Track inakutosha bure, na unaihitaji tu kama unalipwa kwa saa.

Microsoft 365, yenye Word na Excel za kulipia, ndiyo ya mwisho, ingawa ni programu nzuri. Ilipie pale tu mteja anapokutumia majedwali ya Excel yenye amri zilizopachikwa ndani, kwa sababu hayo LibreOffice huyavuruga. Toleo la familia huchukua hadi watu sita, kila mmoja na TB 1 yake, kwa hiyo ndugu mkichangishana maumivu hupungua. Kwa kufungua na kurekebisha hati moja moja, Word ya kwenye kivinjari ni bure.

Ukiamua kulipa, kumbuka bei nyingi ni za dola, na kadi hukata kwa kiwango cha siku hiyo pamoja na makato ya benki. Lipa mwezi mmoja kwanza, kisha papo hapo zima kule kujilipia kwenyewe.

Na kama kompyuta ni ya Windows na unatumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uutambulishe mtandao huo kuwa ni wa kupimwa (metered connection). Nilidhani Meet ndiyo iliyokuwa ikinimalizia bando kila Jumatano. Ilikuwa Windows, ikijisasisha kimyakimya mimi nikinywa chai.