Kampuni iliyopima kelele za pampu ya joto kabla ya kugusa pesa yangu

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeibana kwa sababu nitakayoitaja chini.

Kwa msiokaa huku Uingereza: pampu ya joto ni AC iliyogeuzwa kazi. Inavuta joto kutoka hewa ya nje, hata siku ya baridi kali, na kulipeleka kwenye rejeta za kupasha nyumba na maji ya kuoga. Nje kunabaki boksi kubwa lenye feni na kompresa, sawa na yale yanayonguruma nyuma ya maghorofa ya Nyali, Mombasa. Hapa England na Wales serikali inachangia pauni 7,500, kwa hiyo simu za wauzaji hazikatiki.

Mimi ni nesi wa zamu za usiku, nalala mchana. Jirani yangu ni bibi mjane wa Kiingereza ambaye dirisha lake la kulala linatazama uchochoro wetu. Katikati ya sisi wawili, boksi hilo halina saa ya kupiga kelele bila kumkera mtu.

Muuzaji wa kampuni ya kwanza, siitaji, alituambia mashine ina desibeli 36 tu. Baba Khadija akafurahi, kalamu mkononi. Nikasoma maandishi madogo: desibeli 36 ukisimama mita 5, mahali pa wazi. Lebo ya nishati ya mashine hiyohiyo imeandikwa 58. Hakuna anayedanganya hapo: 58 ni nguvu ya sauti inayotoka kwenye mashine yenyewe, 36 ni kile kinachofika sikioni ukishasogea mbali. Lakini hesabu ya kelele inayotakiwa kabla ya kufunga huanza na 58, na yeye alitaka kuibandika mashine kwenye kona ya uchochoro, hatua chache kutoka dirisha la bibi. Nilipomuuliza karatasi ya kelele iko wapi, akasema itakuja baada ya malipo ya awali. Tukaagana.

Kampuni ya pili ndiyo ninayoisifu. Walimtuma kijana mmoja mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, halafu akashinda nje na mita ya leza. Akaniomba nimwombe bibi ruhusa tuingie kwake, kwa sababu kipimo hakichukuliwi kwenye uzio. Kinachukuliwa mita 1 mbele ya dirisha au mlango wa chumba cha jirani kinachokaliwa na watu. Bibi akatukaribisha na chai, ile ya maziwa yaliyotiwa juujuu.

Hesabu yenyewe alinifanyia mezani, na naiandika kwa sababu kila mwenye pampu anastahili kuioneshwa. Unaanza na 58. Unaangalia mashine imezungukwa na nini: ikiwa kwenye sakafu peke yake sauti inatawanyika, ikiegemea ukuta mmoja inarudishwa, ikiwekwa konani kati ya kuta mbili inarudishwa zaidi. Kila hatua inaongeza desibeli 3 hivi. Kisha unatoa za umbali. Kona ya muuzaji yule wa kwanza, mita 3 hadi mahali pa kipimo, ilitoka kama 47. Kikomo cha utaratibu wa sasa wa MCS, mpango unaothibitisha mafundi wa mitambo hii, ukitaka kufunga bila kuomba kibali cha ujenzi, ni 37 hapo dirishani.

Akahamisha mashine, kwenye karatasi, hadi ukuta wa nyuma, mita 6 kutoka mahali pa kipimo. Ikawa 38 hivi. Hapo ndipo aliponifurahisha. Aliweka boksi la katoni lenye kimo cha mashine mahali pake, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ukingo wa juu, akatazama dirisha la bibi. Uzio ulilificha. Akasogea pembeni kidogo, likachungulia. Kanuni inasema kizuizi kikilificha dirisha kabisa unapunguza 10. Lakini kama ukisogea ndani ya sentimita 25 unaliona, unapunguza 5 tu. Akaandika 5. Pia alitia kidole kati ya mbao za uzio kuhakikisha hakuna mianya, maana uzio wa mianya hauhesabiki. Jibu: 33. Tumepita.

Ufungaji ulikwenda vizuri. Mashine imekaa chini, juu ya zege na miguu ya mpira, na mabomba yana vipande vinavyopinda ili mtetemo usiingie ukutani. Walikataa kuitundika ukutani nje ya chumba changu, ingawa ingewapunguzia kazi. Usiku imewekewa hali ya utulivu, feni inazunguka polepole. Bibi anasema anasikia zaidi mbweha kuliko mashine.

Sasa nyota iliyopotea. Hakuna aliyetutajia kuyeyusha barafu. Hewa ikiwa na unyevu na baridi ikikaribia sifuri, barafu inajijenga kwenye mapezi, vile vibati vyembamba ambamo hewa hupita, na mashine inageuza mzunguko ili iiyeyushe. Unasikia mshindo wa vali, mvumo kama mtu anapuliza kwa nguvu, kisha wingu la mvuke linapanda. Mara ya kwanza Baba Khadija alitoka na ndoo ya maji akidhani inaungua. Karatasi ya kelele haielezi kishindo hicho wala ule mngurumo mzito wa kompresa. Inatoa namba moja tu. Dakika tano za maelezo siku ya kukabidhi zingetosha.

Na kama nyumba yako ina uchochoro tu, haina nyuma, usiweke sahihi kabla ya kuoneshwa hesabu. Kwa mita 3 hadi mahali pa kipimo, mashine ya 58 iliyoegemea ukuta haipiti bila kizuizi kinacholificha dirisha kabisa.