Excel kwenye gharama mchanganyiko: hesabu safi, macho hafifu

Nyota 4 kati ya 5. Kwa kazi ya kutenganisha gharama mchanganyiko, yaani zenye sehemu ya kudumu na sehemu inayofuata uzalishaji, Excel inamtosha mwenye karakana au kiwanda kidogo. Kodi ya jengo haimsumbui mtu: iko palepale, uzalishe usizalishe. Malighafi nayo hupanda na kushuka pamoja na idadi ya bidhaa. Kichwa kinauma kwenye umeme, maana taa na ada ya mwezi hazijali uzalishaji, ila mashine zinajali.

Kazi yenyewe ni fupi. Safu ya A weka idadi ya bidhaa, safu ya B bili ya umeme ya mwezi huohuo. Chukua miezi mitano: bidhaa 300, 400, 500, 600 na 700, bili 3,500, 4,000, 4,500, 5,000 na 5,500. Fomula =SLOPE(B2:B6,A2:A6) inatoa 5, yaani umeme wa kila bidhaa moja. =INTERCEPT(B2:B6,A2:A6) inatoa 2,000, sehemu ya kudumu. Hiyo 2,000 ikigawanywa kwa bidhaa 300 kila moja inabeba 6.67, kwa 700 inabeba 2.86 tu.

Wengi huteleza kwenye mpangilio. Grafu inataka idadi ikae safu ya kushoto, fomula inataka gharama itangulie. Ukigeuza, Excel hailalamiki: inakupa 0.2 badala ya 5. Pia chagua grafu ya nukta, si ya mstari. Grafu ya mstari huhesabu miezi kama 1, 2, 3, kwa hiyo mlinganyo wa mstari wa mwelekeo unasoma 500x + 3,000, na hizo si gharama za bidhaa yoyote. Tarakimu zilizobandikwa kutoka kwingine zikiingia kama maandishi (utaziona zimeegemea kushoto mwa seli), huachwa nje ya hesabu kimyakimya.

Sasa ongeza mwezi wa sita: bidhaa 800, bili 7,500, kwa sababu bomba la kompresa lilikuwa linavuja hewa na mota haikupumzika. Njia ya kale ya kulinganisha mwezi wa juu na wa chini inaharibika kabisa: 8 kwa bidhaa, 1,100 ya kudumu. Lakini Excel nayo haiponi, inatoa 7.14 na 1,071. Kibaya zaidi, RSQ, fomula inayopima jinsi mstari unavyolingana na nukta (1 ni kamili), inasoma 0.89, na mtu akiona hivyo anaridhika. Kwenye grafu ya nukta, ile ya sita inaonekana imeruka juu ya wenzake. Kwa hiyo chora kwanza, fomula baadaye. Nukta kama hiyo iondoe ukishajua chanzo chake, si kwa kuwa inakukera.

Nyota ya tano imepotea kwenye FORECAST.LINEAR, fomula ya kutabiri gharama kwa kuurefusha mstari huo. Iulize bidhaa 1,500 kwa ile miezi mitano safi, itajibu 9,500 bila kusita, wakati takwimu zote ziko kati ya 300 na 700. Ikiwa bidhaa 1,500 zinahitaji mashine ya pili na zamu ya usiku, ile 2,000 ya kudumu inaruka ngazi. Ngazi hiyo ikadirie mwenyewe, uiandike kwenye seli ya pembeni na kuijumlisha kwa mkono.